Shangazi, tamthilia inaisha na shati bado liko mkononi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili na nafanya kazi ya uhasibu nikiwa nyumbani. Kazi ya mwajiri sina tatizo nayo, kwa sababu nikichelewa napigiwa simu. Tatizo langu ni zile kazi ambazo hakuna wa kunidai. Nguo zikianuliwa zinawekwa kwenye kiti cha chumbani, na zinabaki hapo mpaka watu wanaanza kuchomoa za kuvaa kutoka kwenye rundo lenyewe. Stakabadhi za matumizi ya nyumbani nazitumbukiza kwenye bahasha nikisema nitaziandika Jumapili, na Jumapili ikifika nakuwa na sababu nyingine. Halafu kuna kutembea. Daktari aliniambia nitembee nusu saa kila siku kwa ajili ya mgongo, na mimi maneno yake nayakumbuka mgongo unaponiuma tu. Ukipoa nasahau.

Miezi michache iliyopita rafiki yangu alinifundisha mbinu: kila kazi inayokuchosha iunganishe na kitu unachokipenda. Nikaona dawa yangu ndiyo hii, maana mimi kwa hadithi hunitoi. Nikaanza na kutembea. Nilipakua riwaya moja ya upelelezi, ile ya kusomewa, nikajiwekea sharti kwamba nitaisikiliza nikiwa natembea tu. Shangazi, nilitembea! Kuna siku nilizunguka mara ya pili kwa sababu mpelelezi alikuwa anafungua kabati na sikutaka kurudi nyumbani bila kujua mlikuwa na nini ndani. Basi hadithi ikafika pale ambapo shahidi ametoweka. Usiku nipo kitandani, usingizi hauji, nikachukua simu nikajiambia dakika tano tu. Nilikimaliza kitabu usiku ule ule. Viatu vya kutembelea vimekaa mlangoni tangu siku hiyo.

Kwenye nguo nikaweka tamthilia. Nakaa mbele ya televisheni, rundo pembeni. Sehemu nzima inaisha nimeshika shati lile lile, mkono mmoja umekunjwa, mwingine unaning'inia. Kwenye stakabadhi nikaweka podikasti ya mazungumzo ninayoipenda. Nilipokuja kukagua, nikakuta stakabadhi moja nimeiandika mara mbili na nyingine nimeiandikia jumla ambayo sijui niliitoa wapi. Na walichokuwa wanazungumza pia sikukisikia.

Mume wangu ananicheka. Anasema mtu mzima hafanyi kazi kwa peremende; kazi ni kazi, unaifanya unaimaliza. Yeye kweli ana nidhamu. Kila Jumamosi asubuhi, bila kukosa, anaosha gari huku amefungulia redio uchambuzi wa mpira, na hatoki pale mpaka ling'ae. Nikijilinganisha naye najiona mvivu tu.

La mwisho ni watoto, maana nilitaka niwaanzishie na wao. Mkubwa ana miaka tisa, anapenda vitabu vya hadithi hadi inabidi nimwambie azime taa alale. Nimefikiria nimpe dakika za kucheza na simu kwa kila ukurasa anaosoma, ili asome zaidi. Mdogo ana sita, na kuokota vitu vyake vya kuchezea ni vita kila jioni. Nianze nao? Na kwa upande wangu mimi, hii mbinu ni ya kweli, au ni kuubembeleza uvivu?

Mama Rundo

* * *

Marahaba mwanangu,

La mtoto mkubwa nalitanguliza kwa sababu linaweza kuharibika leo jioni: usimlipe kwa kusoma. Mtoto anayeambiwa azime taa kwa sababu ya kitabu amekwisha kukipata kile ambacho wewe na mimi tunakihangaikia. Ukimwekea bei ya ukurasa, ataanza kuhesabu kurasa.

Sisemi hivi kwa kukisia. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule ya awali. Walichagua watoto ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo litachora. La pili lilichora bila ahadi yoyote, kisha likashtukia linapewa cheti hicho hicho. La tatu halikuahidiwa wala kupewa kitu. Baada ya wiki moja hadi mbili kalamu ziliwekwa tena darasani, safari hii bila habari ya cheti, na watafiti wakatazama nani ataziendea mwenyewe. Wale walioahidiwa walichora kwa muda unaokaribia nusu tu ya wenzao wa makundi mengine mawili. Kalamu zilikuwa zile zile na watoto wale wale, ila kuchora kulikuwa kumeshageuka kibarua. Zingatia pia kwamba kundi lililopewa cheti kwa kushtukizwa halikupoteza hamu. Kwa hiyo siku akimaliza kitabu ukataka kumfurahisha, mfurahishe. Usiifanye mkataba tu.

Mdogo ni jambo jingine. Hapo hakuna mapenzi ya kuharibu, mtoto wa miaka sita hajawahi kupenda kuokota matofali ya kuchezea. Yeye mfungulie wimbo mmoja anaoupenda, kazi yenu iwe kumaliza sakafu kabla wimbo haujaisha. Au, kama unaweza, kaa chini naye umsimulie hadithi huku mikono yake inaokota. Mikono ikisimama, na hadithi isimame. Utaona kwamba hapa hujamlipa kitu. Raha ipo ndani ya kazi, haiji baada yake, na tofauti hiyo ndiyo itakayotusaidia kwenye matatizo yako wewe.

Sasa twende kwenye viatu vilivyo mlangoni. Mwanangu, jaribio lako la kutembea lilikuwa zuri kuliko unavyolihesabu. Karibu ni lile lile alilolifanya Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania pamoja na wenzake Julia Minson na Kevin Volpp, likachapishwa mwaka 2014. Walichukua watu 226 waliotaka kufanya mazoezi zaidi, wakawagawa makundi matatu. Kundi moja lilipewa riwaya tamu za kusikiliza, lakini ndani ya vifaa vilivyokuwa vinabaki jimu. Ukitaka kujua hadithi imeendeleaje, lazima uende. La pili liliwekewa riwaya hizo kwenye vifaa vyao wenyewe na kushauriwa wazisikilize wakiwa mazoezini tu, kama ulivyojishauri wewe. La tatu halikuwekewa mpango wowote wa hadithi. Mwanzoni, kundi la vifaa vilivyofungiwa lilienda jimu mara nyingi zaidi kwa asilimia 51 kuliko kundi la tatu. Lile la kujizuia wenyewe lilizidi kwa asilimia 29.

Soma tena namba hizo mbili, kwa sababu jibu lako limo humo. Ahadi ya mtu na nafsi yake ina nguvu, tena si haba. Ila kufuli lina nguvu zaidi. Wewe ulikuwa na ahadi, kufuli hukuwa nalo: riwaya ilikuwa kwenye simu, simu ilikuwa chini ya mto, na mwandishi alikuwa amemficha shahidi. Nani angelala? Watu wale wenyewe walikuja kuliona hilo. Utafiti ulipokwisha, asilimia 61 walikuwa tayari kulipa pesa zao ili kifaa chenye riwaya kiendelee kufungiwa jimu. Hao ni watu wazima, wanalipia wazuiwe.

Kwa hiyo kufuli lako liwe la kushikika. Kama ndani ya nyumba kuna simu ya zamani ambayo haina kazi, ifutie kila kitu, weka riwaya humo tu, na iishi pamoja na hedifoni ndani ya kiatu cha kutembelea. Kwenye simu yako ya kila siku futa kabisa ile programu ya vitabu. Kama simu ya pili hakuna, mpe mtu mwingine nywila ya akaunti, akufungulie unapotoka na akufungie unaporudi. Mtoto wa miaka tisa ni mlinzi mkali sana wa kazi ya namna hii, hapokei rushwa.

Jambo dogo ambalo watu hawaliambiani: angalia unasimamia wapi. Waandishi wa hadithi za upelelezi wana ufundi wa kumalizia sura pale pale ambapo moyo unadunda, na ukizima hapo unarudi nyumbani na kiu ambayo kufuli dhaifu halitaistahimili. Zima katikati ya sura, mpelelezi akiwa anakunywa chai anatafakari. Hamu ya kutosha kukutoa kesho utakuwa nayo, na usiku utalala.

Kilichofuata kwako ni kwamba kitabu kiliisha na miguu ikasimama. Na wale watu wa Pennsylvania yaliwapata mengine yanayofanana: tofauti ile ya asilimia 51 ilikuwa inapungua kadiri wiki zilivyokwenda, na ilishuka hasa baada ya likizo yao ya Novemba. Mtu akikatika siku chache, uzi unapotea. Sasa wewe ujue mapema kwamba unapobakiza sura mbili tatu, kitabu kinachofuata kiwe kimeshapakuliwa, na ukikimaliza cha kwanza ukiwa bado hujafika nyumbani, anza kingine hapo hapo, hata kwa ukurasa mmoja. Ukirudi nyumbani mikono mitupu, kesho hakuna anayekuita. Vivyo hivyo ukisafiri au mtoto akiugua: siku ya kwanza ya kurudi usidai nusu saa nzima. Vaa viatu, sikiliza ulipoachia, zunguka kidogo, rudi.

Na njiani penye magari acha sikio moja wazi. Mgongo upone uje ukutwe na pikipiki, hapana.

Shati sasa. Hapa sitakuzungusha: televisheni inataka macho, na kukunja nguo kunataka macho, kwa hiyo mmoja lazima aonewe, na haonewi muigizaji. Jiangalie siku nyingine ukiwa umekaa hapo. Mikono inaanza vizuri, inakunja bega la kwanza, halafu kwenye skrini mtu anafungua mlango, mikono inapoa juu ya paja, na shati linabaki na mkono mmoja nje hadi wimbo wa mwisho unapigwa. Badilisha picha iwe sauti. Kukunja nguo, kuosha vyombo, kupiga deki, kufuta vumbi, hizi ni kazi ambazo mikono yako inazijua hata ukiwa unaongea na mtu. Masikio na mawazo yako huru, yape hadithi. Podikasti yako ya mazungumzo, ile uliyoipeleka kwenye stakabadhi, mahali pake ni hapa. Ihamishie kwenye nguo na iwe ya nguo tu. Na rundo nalo usilikabili lote. Weka kipindi kimoja, kunja mpaka kiishe, kilichobaki kina kipindi chake kesho.

Kama tamthilia huwezi kuiacha, itazame, lakini ukiwa umekaa tu, bila rundo pembeni la kukusuta. Tamthilia ni starehe halali yenyewe. Si lazima kila raha ya mtu igeuzwe mshahara wa kazi fulani, na nitalirudia hili kabla sijamaliza kwa sababu naona unaelekea huko.

Stakabadhi ndizo ngumu, na rafiki yako hapo alikupunja maelezo. Alikuambia kila kazi. Si kila kazi! Kazi ya kusoma namba, kuzilinganisha na kuziandika inatumia akili ile ile inayotumika kufuata mazungumzo, na maneno mawili hayapiti pamoja. Ndiyo maana ulipoteza vyote viwili, hesabu na podikasti. Wewe mhasibu unalijua hili. Kazi ya mwajiri hujawahi kuifanya huku watu wanabishana sikioni.

Hapa una njia mbili. Ya kwanza ni kuipa kazi raha isiyo na maneno: muziki wa ala, kiti kizuri kuliko vyote ndani ya nyumba, kinywaji unachokipenda ambacho hukitengenezi wakati mwingine wowote, dirisha wazi. Ya pili ni kuacha kuunganisha na badala yake kupanga foleni, kwanza kazi, kisha raha. Akina bibi wanaitumia tangu enzi, na mwaka 1959 mwanasaikolojia David Premack aliiwekea msingi wa kisayansi kwa jaribio ambalo mume wako atalipenda, maana limejaa peremende.

Premack aliwapa watoto wa darasa la kwanza vitu viwili: mashine ya mchezo wa kupiga gololi na mashine ya kutoa peremende. Kwanza akawaacha wafanye wapendavyo. Wapo waliong'ang'ania mchezo, wapo waliong'ang'ania kula. Kisha akaweka masharti. Wapenda mchezo ilibidi wale peremende ndipo waruhusiwe kucheza, na wakala kuliko mwanzo. Wapenda peremende ilibidi wacheze ndipo wapate kula, na wakacheza kuliko mwanzo. Kwa hiyo kwa baadhi ya watoto peremende ndiyo ilikuwa kazi na mchezo ndio mshahara. Hakuna kitu ambacho kwa asili yake ni zawadi. Zawadi ni kile ambacho mtu huyo angekifanya hata asipoambiwa.

Usiniambie basi kwamba ukimaliza stakabadhi utajinunulia kitu kizuri. Hicho ni kitu unachodhani unapaswa kukitaka. Jichunguze jioni moja, uone mkono wako unaenda wapi mwenyewe. Kama saa mbili usiku lazima ufungue simu usome ujumbe wa kundi la marafiki, hiyo ndiyo raha yenye nguvu, na stakabadhi zikae mbele yake. Stakabadhi tano, kisha kundi. Nasema tano makusudi, sisemi bahasha nzima, na wala sisemi Jumapili. Stakabadhi za wiki nzima zikikusubiri siku moja, hata mimi ningekuwa na sababu nyingine.

Huyo baba sasa. Mpe salamu zangu, umwambie Jumamosi ijayo aoshe gari redio ikiwa imezimwa, na Jumamosi ya pili tena, kisha tukae tuzungumze habari ya mtu mzima na peremende. Mume wako haishindi kazi kwa nidhamu peke yake. Ameiunganisha na uchambuzi wa mpira kwa ustadi kuliko wewe: siku moja, saa moja, kazi ya mikono, raha ya masikio, na nina wasiwasi kwamba uchambuzi huo hausikilizi mahali pengine popote. Tofauti yenu ni kwamba yeye hakuambiwa na mtu kuwa hiyo ni mbinu, kwa hiyo anaiita nidhamu. Usigombane naye kwa hili. Mwonyeshe tu, mcheke wote wawili.

Na kuhusu uvivu ulioniuliza. Mwaka 2017 Kaitlin Woolley na Ayelet Fishbach walichapisha utafiti ambao sehemu yake ilifuatilia watu waliojiwekea malengo ya mwaka mpya. Malengo yenyewe watu huyachagua kwa faida za baadaye: afya, akiba, elimu. Lakini kilichoonyesha nani bado yumo baada ya wiki kadhaa hakikuwa uzito wa faida hizo kwake. Kilikuwa kama anaifurahia shughuli yenyewe wakati anaifanya. Mgongo wako ni faida ya baadaye. Unaujua umuhimu wake, daktari ameusema, na bado viatu vipo mlangoni. Mtu anayejua hivyo akaweka mpelelezi mbele ya miguu yake ili imfuate, mimi simwiti mvivu. Mvivu asingejisumbua kuandika barua ndefu hivi.

Nina mipaka miwili ya kukuwekea, na hapa naongea kama mtu mzima anayekuonea huruma. Wa kwanza, raha utakayoiunganisha isiwe ile unayotaka kuiacha. Kuna watu wanaunganisha usafi wa nyumba na ununuzi wa mtandaoni, nyumba inang'aa na pochi inalia. Wa pili, usiunganishe kila kitu. Chagua kazi moja, ikikaa ongeza ya pili, halafu simama hapo. Mtu ambaye hawezi kusikiliza wimbo bila ufagio mkononi amejinyang'anya mapumziko, na siku si nyingi ataanza kuichukia hadithi yenyewe. Bakiza riwaya moja, au tamthilia yako, ambayo haidaiwi kitu.

Ukitaka kujua itachukua muda gani, wapo watakaokuambia siku 21. Waache. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea zoea jipya kila mmoja kwa lake, la kula, kunywa au kufanya mazoezi. Muda wa katikati ulikuwa siku 66, lakini makadirio kwa mtu mmoja mmoja yalitoka siku 18 hadi 254. Glasi ya maji inakaa upesi kuliko mazoezi. Na waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu zoea lililokuwa linajijenga, kwa hiyo siku ukishindwa usifanye msiba.

Upo uwezekano mmoja mzuri ambao sitaki ukupite. Kuna watu wanaoanza kutembea kwa sababu ya hadithi, na baada ya muda wanasahau hedifoni nyumbani na hawarudi kuzichukua. Kutembea kwenyewe kumeshakuwa kutamu: hewa, miti, majirani. Ikikutokea, usilazimishe riwaya. Ipeleke kwenye vyombo, ambavyo sijawahi kusikia mtu akivipenda.

Anza na kutembea, kwa sababu hapo ulishaonja kwamba inawezekana. Nguo zifuate ukiona miguu imetulia. Stakabadhi tano tano zinaweza kuanza kesho kwa kuwa hazihitaji maandalizi. Jumatatu si lazima. Watu wengi hupata nguvu mpya mwanzo wa wiki au mwezi, na kama Jumatatu iko karibu itumie, lakini ikiwa leo ni Jumatano usiitumie Jumatatu kama kisingizio. Ukiona baada ya muda kuna kazi ambayo haisogei, niandikie tena, uniambie ni kazi ipi, umeiunganisha na nini, na hicho kitu unakipata wapi pengine kwa siku. Hilo la mwisho usilifiche, maana hapo ndipo nitakapoanza kutafuta.

Shangazi